Mkoba Alioushona Futi

Ikikaribia saa nne asubuhi, Futi alianza kushona ovyo. Mkono ulioshona sare za shule kwa miaka ishirini na miwili bila kupinda, ulipinda. Uzi ukakatika. Akaulowesha mdomoni, akatunga upya, na kabla hajakanyaga cherehani akausikia mlango wa nje ukifunguliwa na sauti ikiita, "Wenyewe?"

"Karibu, Dada," Futi alijibu bila kuinua uso.

"Starehe, mdogo wangu. Shona tu, usisimame kwa ajili yangu."

Kana kwamba alikuwa na nia ya kusimama.

Aliyeingia aliitwa Sista na kila mtu, japo alikuwa amestaafu uuguzi wa wodini mwaka wa tatu sasa. Alikuwa mrefu, mwenye viatu vyeupe visivyo na kisigino wala sauti, na kibegi chenye glovu na kipande cha sabuni. Alikuja na sabuni yake mwenyewe, utadhani nyumba hii watu hawaogi. Alipita sebuleni, akaingia chumba cha kulala cha Futi, akafunga mlango. Mle ndani, juu ya kitanda alichokitandika Futi, alilala mume wa Futi. Zamani, kabla Futi hajamjua hata kwa sura, mwanamume huyo alikuwa mume wa Sista.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu wasemavyo. Futi aliushika upindo wa kitambaa, akajiuliza aliyetunga maneno hayo alikuwa amefikiria mgeni wa namna gani.

Jina la Futi alipewa sokoni, kwa sababu ya futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, hata akienda kununua chumvi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye macho ya kupima watu. Akikutazama mara moja alijua kiuno chako, na mara nyingine alijua pia unachoficha. Mume wake alikuwa fundi saa. Alikuwa na meza chini ya ngazi za jengo la zamani barabarani, kisanduku cha kioo, na lenzi ndogo aliyoibana jichoni. Mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono, mtu wa maneno machache. Kwa miaka tisa ya ndoa yao Futi alimzoea hivyo. Alijiambia kwamba wapo wanaume wanaosema kwa mdomo na wapo wanaosema kwa kukuletea embe bila kuambiwa, na wa kwake ni wa embe. Akaridhika.

Aliridhika mpaka alipoanza kuwasikia wakicheka.

Ilikuwa siku ya pili tangu mgonjwa arudi nyumbani. Futi alikuwa anapachika vifungo. Kicheko cha Sista kilitangulia, kifupi kama kikohozi, kisha kikafuata cha mume wake. Siyo tabasamu analolijua yeye. Kilikuwa kicheko chenyewe, cha tumboni, kikakatizwa na "aah, aah, unaniumiza matundu!" Halafu vikaanza upya vyote viwili. Futi alikaa na kifungo mkononi.  Miaka tisa! Alimpikia, alimfulia, alimzika mama mkwe. Hakuwahi hata siku moja kumchekesha mwanamume yule namna ile.

Aliangalia saa ya ukutani, ambayo mumewe aliitengeneza kwa mikono yake. Dakika ishirini na saba. Kuosha mpira wa mkojo hakuchukui dakika ishirini na saba.

Lakini angejuaje? Hakuna aliyemwonyesha.

Na hapo ndipo palipokuwa na kijiba cha roho. Mumewe alipogunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, Futi ndiye aliyekaa naye kwenye mabenchi ya hospitali. Daktari alisema imewahiwa. Akasema hawatampasua tumbo zima. Watapitisha vyombo vyembamba kwenye matundu sita madogo, watoe tezi yote, na siku mbili baadaye mgonjwa anatembea. Ikawa hivyo. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alifika na karatasi, akauliza, "Nani atamhudumia nyumbani? Aje nimfundishe mambo ya mpira." Mumewe akamtazama Futi kwa upole wake wote, akasema, "Mke wangu, hebu kachukue dawa dirishani, foleni isije ikawa ndefu."

Foleni haikuwapo kabisa. Futi aliporudi na dawa, pazia lilikuwa limefungwa kukizunguka kitanda. Chini ya pazia aliona viatu vya muuguzi, na pembeni yake viatu vyeupe visivyo na kisigino.

Binti ndiye aliyemleta. Binti wa mume wake na Sista, mtu mzima mwenye kazi yake na watoto wake, aliyemwita Futi "Mama Mdogo" kwa heshima zote. Alidhani anasaidia. "Mama Mdogo, Mama amefanya kazi hizi miaka thelathini. Kwa nini uhangaike?" Futi akatabasamu, akasema ahsante mwanangu, na tabasamu lile likamuuma mashavu mpaka jioni.

Tangu hapo kazi ziligawanywa bila kikao. Sista alikuja kila asubuhi. Mchana na jioni mume mwenyewe alijifungia chooni kumwaga mkojo ulioingia kwenye mfuko wa ule mpira. Futi aliombwa ahamie chumba cha pili, "usije ukauvuta mpira usingizini." Akabakiwa na supu, shuka na wageni. Hata maji aliambiwa na Sista.

"Mdogo wangu, baba huyu hanywi maji ya kutosha. Mkazanie."

"Nitamkazania, Dada."

"Na mboga. Asijikamue chooni, mshono utaumia."

"Mshono gani?"

"Aa, wa ndani huko. Usijali."

Usijali! Yeye, ambaye maisha yake yote ni mishono, anaambiwa usijali.

Siku ya tano jioni mumewe alisimama dirishani kwa muda mrefu, mkono mmoja umeubana mfuko kwenye nguo ya kulalia. "Laiti ningefika mpaka mezani kwangu," alisema. "Daktari kasema nitembee. Ila nitatembeaje na hiki? Nikifika pale, muuza magazeti atatangaza kabla ya magazeti yake."

Hakuwa anamwambia Futi hasa. Alikuwa anaiambia barabara. Lakini Futi aliyasikia. Hapo hapakuwa na mtaalamu wa wodi. Hapo palihitaji fundi.

Alishona siku hiyohiyo. Alichukua kitambaa kizito cha bluu kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi fulani, akakiwekea ndani nailoni ya mwavuli mbovu ili kisivuje. Akatia zipu, akatia mfuko wa pembeni wa uongo, akashona mkanda mpana wenye sponji usimkate bega. Mkanda ndio uliomfikirisha. Ukiwa mrefu, mkoba unaning'inia mapajani kama wa kondakta. Alimpima mumewe kwa macho akiwa amesimama pale dirishani, akaukata mfupi, ukae juu, chini kidogo ya kwapa, kama wanavyobeba mawakili wakiingia mahakamani. Ulikuwa mkoba mzuri. Alipomaliza aliusugua kwa kiganja, akawaza: Huyo mwingine ana glovu. Mimi nina hiki.

Bahati ilimwangukia. Siku ya sita Sista alikuwa na miadi ya macho, akatuma ujumbe kwamba atachelewa.

"Hebu vaa," Futi alisema.

Mumewe aliugeuza mkoba huku na huku, akafungua zipu, akafunga. Fundi akitazama kazi ya fundi. "Umeshona lini?"

"Vaa kwanza, maswali baadaye."

Mpira aliupitisha mwenyewe chini ya shati, akiwa amempa mgongo, na mfuko mkubwa akautumbukiza kwenye mkoba. Akajitazama kwenye kioo. Shati jeupe, mkoba wa bluu, hakuna kilichoonekana. Akamgeukia mkewe, akasema, "Nani atasema huyu mtu ni mgonjwa?"

Walitembea taratibu, bega kwa bega. Hatua mia mbili tu. Chini ya ngazi watu walimshangilia. Muuza magazeti akapaza sauti: "Mzee wa Saa! Tunaambiwa uko mahututi, kumbe umeajiriwa! Mkoba huo una nini?"

"Nyaraka za serikali."

"Tuone!"

"Ukiziona nitalazimika kukufunga."

Watu wakacheka, na Futi akacheka kuliko wote. Alisimama nyuma yake kama mtu aliyekabidhiwa kikombe cha ushindi. Laiti Sista angepita sasa hivi, aliwaza. Hapohapo angepita, amwone anavyosimama, aone nani amemsimamisha.

Wakamaliza nusu saa, wakamaliza dakika arobaini. Mumewe aliacha kujibu utani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Twende," alisema kwa sauti ndogo.

"Umechoka?"

"Twende nyumbani, mama. Sasa."

Kila hatua ilikuwa ya shida. Alijikunja, mkono umekaza tumboni, akisema kibofu kinataka kupasuka. Futi alimwambia labda ni njaa. Kufika getini suruali ya kijivu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi pajani, na Sista alikuwa amekaa kwenye kizingiti, miwani mipya puani, anawasubiri.

Hakuuliza habari. Aliutazama mkoba, akatazama suruali, akasimama.

"Vua hicho kitu begani. Vua! Kaa hapo kwenye ngazi." Aliuchukua mkoba wenyewe na vyote vilivyomo, akauweka chini sakafuni, akaunyoosha mpira uliokuwa umejikunja chini ya mkanda wa suruali. Futi alisikia mkojo ukianza kushuka. Mumewe alifumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Sasa niambieni," Sista alisema, "nyie watu wawili wenye akili zenu. Maji yanapanda mlima lini?"

Akaunyooshea mfuko kidole.

"Mfuko unakaa chini ya kibofu. Ukilala, uko chini. Ukikaa, uko chini. Ukitembea, uko chini. Mtoto wa wodi analijua hilo siku ya kwanza. Nani aliyewaambia muutundike kwapani?"

"Na nani aliniambia nisiutundike?"

Futi mwenyewe alishtuka aliposikia sauti yake. Ilikuwa juu, na jirani mmoja alikuwa amesimama na ndoo. Hakujali.

"Nani aliniambia, Dada? Wewe? Unaingia chumbani kwangu, unafunga mlango wangu, mnacheka, unatoka, unaniambia nimpe maji. Nimpe maji! Mimi ni nani hapa, shambaboi? Mngeacha mlango wazi ningejua!"

Sista alivua miwani.  "Mimi sikuufunga kwa ajili yako," alisema polepole. "Muulize mwenyewe."

Akampigia simu muuguzi wa wodini, akaeleza, akasikiliza. Mkojo ulikuwa na wekundu hafifu lakini hakukuwa na mabonge ya damu, na ulikuwa unatiririka. Wakaambiwa wamwangalie; ukikauka saa mbili tatu au homa ikipanda, waje mbio. Kisha Sista akambadilisha mgonjwa nguo, akaondoka bila kuaga vizuri.

Mchana ule Futi aliingia chumbani bila kubisha. Mumewe alikuwa amelala chali, mfuko umening'inizwa kwenye ubao wa chini wa kitanda, mbele ya macho ya mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza aliuona vizuri. Ulikuwa mfuko tu, wenye mistari ya kupimia.

"Kwa nini yeye?" aliuliza.

Mumewe alilivuta shuka mpaka kifuani. Futi hakumsaidia. Alikaa kwenye kiti, akangoja.

"Yule alishaniacha," alisema mwishowe. "Hana kitu changu cha kupoteza. Aniwashe, anizime, anitukane, ndiyo anavyofanya, ananitukana mle ndani mpaka nacheka. Lakini wewe... Nilitaka kwako nibaki mwanamume. Ukishaniosha hapa, mke wangu, kesho utanitazama vipi?"

Maneno hayo mwanamke mwingine angeyafunga kwenye pindo la kanga akayatunza. Na kweli yalimgusa. Ila Futi aliyapima, upande mmoja na mwingine, na yakambana.

"Kwa hiyo yeye unampa wewe mwenyewe," alisema, "na mimi unanipa shati lililopigwa pasi."

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyofanya. Bora ungempa shati."

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Hakumwambia kwamba asubuhi ile, alipokuwa anajikunja njiani, jambo la kwanza alilowaza yeye mkewe halikuwa maumivu yake. Aliwaza: Asituone Sista. Jambo hilo alilibeba peke yake siku nyingi baadaye, na lilikuwa zito kuliko alivyotarajia.

Kesho yake, saa nne, Sista alipobisha, Futi alikuwa amesimama mlangoni, futi shingoni, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko.

"Nifundishe," alisema.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye aliinama, lakini shingo ilimuuma. Sista alimtazama juu hadi chini. Akamtazama mgonjwa kitandani. Mgonjwa aligeuza uso ukutani.

"Kanawe mikono."

Futi alinawa.

"Hapo umenawa kama mtu anayewahi kula. Rudia. Kati ya vidole. Kucha. Ndiyo. Sasa njoo."

Alimfundisha bila kumpendelea. Mpira unaoshwa mara mbili kwa siku, maji safi na sabuni isiyo kali, ukianzia unapotokea mwilini kwenda nje, siyo kutoka nje kurudi mwilini. "Usiuvute. Ndani kuna kipira kidogo kimejazwa maji, ndicho kinauzuia usitoke." Plasta ya pajani iwe na ulegevu, mtu ainue mguu bila kuvutika. Mfuko umwagwe kabla haujajaa, ukizidi nusu inatosha, na mdomo wake usiguse chombo.

"Na ule mshono?" Futi aliuliza.

Sista alikutanisha ncha za vidole viwili. "Tezi ilikuwa katikati, kati ya kibofu na njia ya mkojo. Wameitoa. Sasa zile ncha mbili wamezivuta wakaziunga kwa uzi, mzunguko mzima. Mpira umepita katikati ya mshono, unaushikilia wazi ukauke bila kulowa."

Futi alielewa palepale kuliko alivyoelewa chochote tangu ugonjwa uanze. "Kama kuunga mkono wa shati begani. Mduara kwa mduara. Ukiuvuta kabla uzi haujakaa..."

"Unafumuka."

"Unafumuka," Futi alikubali. Wanawake wawili wakatazama chini kwa pamoja, kwa heshima ya kazi nzuri ya mtu mwingine.

Kisha Futi akaosha mwenyewe.  Vidole vyake vilizoea vitu vyembamba. Mumewe alitazama ukuta muda wote. Hakukuwa na kicheko. Wivu ulimchoma hata pale: amepata kazi, hakupata furaha yake. Aliyepewa furaha alikuwa amesimama pembeni na glovu zake, akisema, "Mkono mwepesi. Ungenifaa wodini." Futi hakutaka kufurahishwa na sifa ile, na alifurahi.

Siku tatu alifanya hivyo, asubuhi na jioni, chini ya uangalizi mara ya kwanza na peke yake baadaye. Siku ya tatu mumewe aligeuka kutoka ukutani, akamtazama anavyofanya. "Plasta umeiweka vizuri kuliko yeye," alisema.

"Usimwambie."

"Ataipima kwa macho, utaona."

Siku ya kumi walikwenda kliniki kuutoa mpira. Binti aliwapeleka kwa gari, na kiti cha mbele kilikuwa na Sista. Futi alipanda nyuma. Kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusafishia, wauguzi walimwamkia Sista mmoja baada ya mwingine, huyu alimfundisha, yule alimzalisha. Futi alikaa na faili mapajani, amelishika kwa mikono yote miwili.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi kijana mwenye uso wa furaha akatoka. "Shikamoo, Sista Mkubwa! Kumbe ni mgonjwa wako? Ingieni. Mtu mmoja tu na mgonjwa, chumba ni kidogo. Tukishautoa, daktari atamweleza na yule atakayekuwa naye mambo ya huko mbele."

Sista alikuwa ameshainuka. Hakufanya kwa ubaya. Miguu yake ilikuwa imezoea kuingia milango ile miaka thelathini. Futi naye alisimama. Muuguzi akanyoosha mkono kwa adabu. "Mama, wewe utusubiri hapo kidogo."

Futi hakukaa. Alimtazama mumewe. Alijua kwamba angeweza kupiga kelele kama siku ile getini, na angeingia. Lakini safari hii hakutaka kuingia kwa kelele. Alitaka aitwe. Na kama hataitwa, basi atakaa kwenye benchi hili, atarudi nyumbani, atashona sare, na atajua mahali pake ni wapi mpaka kufa.

Mumewe alisimama katikati ya korido, mkono umeshika mfuko chini ya shati, chini kabisa, mahali unapotakiwa. Alimtazama muuguzi, akamtazama Sista. Ilimchukua muda, kama ilivyomchukua muda kila kitu.

"Huyo siyo mwenye mgonjwa," alisema. "Mwenye mgonjwa ndiye huyu, mwenye faili. Mke wangu. Ataingia yeye."

"Samahani, Mama, sikujua..."

"Sasa unajua," Futi alisema, akapita.

Ndani hakukuwa na la ajabu. Muuguzi alivuta maji ya kile kipira kwa bomba la sindano, akasema pumua nje, na mpira ukateleza ukatoka. Mumewe alimshika Futi kifundo cha mkono kwa nguvu, akaacha alama za vidole. Kabla hajavaa, mkojo ulimtoka wenyewe, ukatiririka mguuni. Alitaka kujigeuza. Futi akachukua kitambaa, akafuta, kuanzia juu kushuka chini.

Daktari alisema kwa uwazi. Atavuja, wiki kadhaa, pengine miezi. Avae pedi, asione haya. Afanye mazoezi ya kukaza misuli ile anayozuia nayo mkojo, akaze ahesabu tano, aachie, mara nyingi kwa siku. Damu itapimwa tena baada ya wiki chache kuona kama saratani imebaki. Na mambo ya chumbani, daktari aliweka kalamu mezani, yatachukua muda mrefu zaidi. Mwaka, hata miwili. Mishipa imeguswa. Dawa zipo, lakini huenda isirudi kama zamani.

Mumewe aliangalia viatu vyake. Hiyo ndiyo ilikuwa habari aliyokuwa anaikimbia tangu siku ya pazia.

"Na kukumbatiana?" Futi aliuliza.

Daktari alishangaa kidogo. "Hiyo hata leo."

"Basi tumesikia," Futi alisema, akachukua karatasi.

Walipotoka, Sista alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, kibegi magotini. Alisimama haraka. "Eh? Umetoka vizuri? Wamesemaje? Wamesema nini kuhusu..." 

Futi alimtazama uso. Aliufahamu uso ule. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe, mbele ya cherehani, asubuhi zote zile: uso wa mtu aliyehesabu dakika nje ya mlango. Angeweza kumwambia. Yule mwanamke alimfundisha kazi, tena bila choyo, na alikuwa na haki fulani ya kujua. Futi alifikiria yote hayo kwa haki.

"Tumeelezwa, Dada," alisema. "Ahsante."

 Sista aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea shuka alilolikunja mwenyewe. "Haya," alisema. "Haya, mdogo wangu."

Wakashika njia ya kuelekea kwenye gari. Jua lilikuwa kali. Katikati ya uwanja mumewe alikohoa, akasimama ghafla.

"Imetoka," alimnong'oneza Futi.

"Nyingi?"

"Sijui. Imepita pedi."

Sista alikuwa hatua mbili nyuma, upande wa kulia. Futi hakugeuka. Alipitisha mkono wake kiunoni mwa mumewe, akamzunguka akaenda upande ule wa kulia, akalifungua faili kidogo likaifunika suruali, na akatembea naye polepole mpaka garini, yeye akiwa katikati ya mumewe na Sista.